Siku Waliyomcheka Dada wa Shujaa

Utenzi wa ukoo wetu huanza jua likichomoza na kumalizika watu wakiwa na njaa ya mchana, na katika muda wote huo dada wa shujaa ana mstari mmoja tu. Nimeusikia tangu nikiwa tumboni, kwa sababu baba yangu ndiye aliyekuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi letu la ngoma, na mama aliendelea kucheza hadi mimba yangu ilipofika mwezi wa saba. Shujaa mwenyewe ana kila kitu. Ana mkuki wenye jina, ana mbwa mwenye jina, hata kibuyu chake cha maji kimeimbiwa beti nane. Mwaka wa njaa kuu anaondoka na dada yake kuelekea ziwani, anapita nyika yenye simba, anashindana siku tatu na mtemi wa huko, halafu anarudi na ng'ombe wengi kiasi kwamba wa mbele wanafika nyumbani wa nyuma hawajaonekana. Watu wanakunywa maziwa, wanapona, ukoo unaendelea. Na dada? "Dada yake akasalia kule." Basi. Manju anavuta pumzi, ngoma zinapanda, tunaendelea na sifa za ng'ombe.

Nilipokuwa darasa la tano nilimuuliza baba kwa nini dada alisalia. Akasema aliolewa. Nikauliza aliolewa na nani, akasema na mtemi. Nikauliza, yule yule aliyeshindwa? Baba akaniambia nikafunge ndama. Nilikwenda kufunga ndama, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Mtu anaondoka na dada, anarudi na ng'ombe. Kwetu Usukumani huhitaji kwenda shule kujua jambo hilo linaitwaje.

Leo nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Bariadi, nimeshapita miaka arobaini, na nina mdomo. Wanafunzi wana jina walilonipa ambalo wanadhani silijui. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka msomaji ajue mapema kwamba anasimuliwa na mtu ambaye hasira zake ziko karibu, asije akaniamini kwa kila kitu.

Baba alipofariki, umanju ulikwenda kwa mdogo wangu wa kiume, kama kila mtu alivyotarajia. Mimi sikuulizwa, ingawa utenzi wote nilikuwa nao kichwani na yeye alikuwa akikwama kila anapofika kwa mtemi. Nilimfundisha mimi, jikoni kwa mama, nikimgonga magoti kwa mwiko alipokosea mdundo. Nilimlea huyu. Mama akiwa shamba, mgongo uliombeba ulikuwa wangu. Kwa hiyo sikuona wivu hata kidogo. Niliona kama umanju umenifikia na mimi, ila kwa mkono wa mtu wangu.

Mwaka juzi, wakati wa palizi, nilimpelekea wazo. Nilimwambia nataka kuutunga upya utenzi ule, lakini safari hii asimulie dada. Shujaa abaki humo humo na mkuki wake na mbwa wake, sina ugomvi naye, ila tumwone kwa macho ya yule aliyetembea nyuma yake akidhani anasindikiza kumbe ndiye anayepelekwa. Nilitegemea abishe. Hakubisha. Alisimamisha jembe, akacheka kwa furaha, akasema hakuna kundi lililowahi kufanya kitu kama hicho, na kwamba siku ya mashindano nitasimama mbele niimbe mwenyewe, yeye atashika ngoma tu.

Niliyashika maneno hayo. Nilikuwa nimeuimba utenzi huo jikoni, shambani, bafuni, na darasani kwa sauti ya chini wanafunzi wakifanya mtihani, lakini sikuwahi hata siku moja kuuimba uwanjani mbele ya watu. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kupandishwa cheo.

Kwa asiyejua, mashindano yetu hayana majaji wa kukaa mezani. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, makundi mawili huingia uwanja mmoja, kila moja upande wake, yanacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji ndio wanaohama. Wakivutiwa na wale, wanakimbilia kule. Wakivutiwa na hawa, wanarudi huku vumbi likitimka. Jioni, upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Ndiyo maana wimbo mpya hufichwa hadi siku yenyewe, na kila kundi hutafuta jambo ambalo watu hawajawahi kuliona.

Kutunga kulianza vizuri, halafu nikakwama. Nilijua njia aliyopita yule dada, nilijua simba, nilijua mtemi. Sikujua alivyojisikia. Mimi niliolewa kwa kupenda mwenyewe na nikaachika kwa kupenda mwenyewe, sasa ningesema nini juu ya msichana anayepelekwa? Nikaenda kwa mama.

Mama kwao ni Mkula. Aliolewa huku kwetu, karibu na Dutwa, akiwa na miaka kumi na sita. Nilimkuta sebuleni amekaa juu ya turubai anachambua pamba, nyeupe safi upande huu, na ile yenye madoa, tunayoiita fifi, upande ule. Nikakaa nikamsaidia. Sikumwambia natunga. Nilimuuliza tu, kama mtu anayepitisha muda, siku ile alipoletwa huku ilikuwaje.

Alichambua kwanza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba kaka yake mkubwa alitaka kuoa na kwao hakukuwa na ng'ombe, kwa hiyo akatafutiwa yeye mume haraka ili ng'ombe wapatikane. Siku anayoletwa, sehemu ya mwisho ya mahari ilikuwa bado njiani. Wakakutana. Yeye na shangazi zake wanakuja huku, ng'ombe wanakwenda kwao, kwenye njia nyembamba yenye miiba kila upande. Mtu mmoja lazima apishe. "Wakasema tupishe ng'ombe," mama akasema. "Nikaingia kwenye miiba nikasimama. Wakapita wote mbele yangu, mmoja mmoja, na mimi nawaangalia. Hapo ndipo nilipojikojolea, ng'wanone, mwanangu. Msichana mkubwa, na vitenge vipya."

Akasema hajawahi kumwambia mtu, hata baba. Akaokota pamba moja yenye doa, akaitazama, akaitupa kwenye fifi. "Hili liishie hapa hapa kwenye pamba," akasema. Nikajibu, "Ndiyo, mayu."

Wimbo uliisha ndani ya wiki moja. Dada wa shujaa alipata kila kitu: shangazi, njia nyembamba, miiba, ng'ombe wakipita mmoja mmoja, maji yakishuka miguuni na vumbi likiyanywa. Ubeti huo ndio uliokuwa bora kuliko yote niliyowahi kuandika, na nilijua hivyo wakati kalamu bado iko kwenye karatasi. Sikumtaja mama. Nilimpa maneno mtu ambaye, kama aliwahi kuishi, alishakufa zamani hata kaburi lake hatulijui. Nilijiambia hivyo na nikalala usingizi mzuri.

Nilimwimbia mdogo wangu nyuma ya zizi, jua la saa kumi. Nilipofika kwenye miiba aligeuza uso, akajifuta macho kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Hakujua maneno yalitoka wapi. Alisema, "Dada, huu hauimbwi na mtu mwingine yeyote." Niliamini machozi yale, na hadi leo naamini yalikuwa ya kweli, jambo ambalo linanikera zaidi kuliko kama yangekuwa ya uongo.

Tukaanza mazoezi. Aliniomba niwafundishe waimbaji wote wimbo mzima, neno kwa neno, ili waitikie vizuri. Nikawafundisha. Miongoni mwao alikuwemo mwanaume mmoja mwembamba, mchekeshaji wa kundi, ambaye hata msibani watu humkalia mbali wasije wakacheka mbele ya wafiwa. Yeye ndiye aliyekuwa na bidii kuliko wote. Alinirekodi kwa simu. Aliniuliza dada anasimama vipi, anashikaje kitenge, anapandishaje mguu kwenye miiba. Nikasimama, nikamwonyesha. Nikasema moyoni, nilimdharau bure huyu, kumbe ni msanii.

Siku ya kwanza ya mashindano uwanja ulijaa tangu asubuhi. Walikuja watu kutoka vijiji vyote vya jirani, kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa miguu, na wauza samaki kutoka Lamadi walishapanga meza zao pembeni. Nilivaa kitenge kipya, nikafunga njuga miguuni, nikasimama nyuma ya ngoma kubwa nikisubiri kuitwa. Mama alikaa na wazee wenzake karibu na mbele. Alikuwa hajui chochote. Nilitaka ausikie uwanjani, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba angejivuna.

Upande wa pili walianza na chatu. Mzee mmoja alimvaa shingoni, akamlaza, akamwamsha, akambusu, na watu wetu wakaanza kutuponyoka. Wakaondoka watoto, wakaondoka vijana, kisha akina mama na mabeseni yao ya karanga. Mdogo wangu alikuwa akitazama vumbi linavyohama huku jasho likimtoka. Nikamwashiria kwamba niko tayari. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayesema subiri, akainua fimbo yake.

Kutoka nyuma ya gari lililobeba ngoma akatokea yule mwembamba. Amevaa kitenge, amejifunga kilemba, amejaza pamba kifuani hadi pamba inachungulia. Akaanza kuimba kwa sauti ya kubana pua, na yalikuwa maneno yangu. Hakubadilisha hata moja. Alipandisha mguu kwenye miiba jinsi nilivyomwonyesha, ila aliupandisha hadi usawa wa kiuno. Aliwapisha ng'ombe akiwabusu mmoja mmoja hewani. Na alipofika kwenye ubeti wangu, ule ubeti, alichuchumaa katikati ya uwanja, akaikamua chupa ya maji aliyoificha ndani ya kitenge, maji yakamwagika chini, na waitikiaji niliowafundisha mimi wakaitikia kwa pamoja, vizuri sana, hakuna aliyekosea.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Waliokuwa kwenye chatu waligeuka, wakauliza kuna nini, wakaja mbio. Walikuja wengi hadi kamba ya kuzuia watu ikakatika. Mimi nilikuwa nimesimama na njuga zangu, na kila nilipotaka kuondoka zililia, kwa hiyo nikabaki pale pale kama mwizi anayeogopa kukanyaga majani. Nikamtafuta mama kwa macho. Nilimwona ameweka mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akampiga jirani yake begani.

Tukashinda siku hiyo. Chatu alirudishwa kwenye gunia.

Nilimfuata mdogo wangu nyuma ya lile gari. Alikuwa analowesha kichwa kwa maji, anang'aa kwa furaha, na aliponiona akafungua mikono anikumbatie. Nikamuuliza jambo moja tu: aliamua lini? Angesema aliamua pale pale, chatu alipotuzidi, huenda ningemsamehe kabla ya jua kuzama. Hakunidanganya. Akasema tangu mazoezini. Tangu mwanzo kabisa wa mazoezi, akiwa bado ananiita mwimbaji wake mbele ya watu. Alikuwa amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi miwili, na mimi nikawafundisha wote kwa mkono wangu.

"Dada, nisikilize," akasema. "Ungeimba wewe, watu wangelia. Mtu anayelia anasimama alipo. Anayecheka ndiye anakimbia kuja." Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba maneno yote ni yangu na hakugusa hata moja.

Nilimjibu mambo ambayo siwezi kuyaandika humu. Nilivua njuga nikazitupa miguuni kwake. Nilimwambia mgongo uliombeba ungejua, ungemwacha akae chini na mchanga wake. Watu walianza kusogea kusikiliza. Akanishika mkono akaniapia kwamba kesho, siku ya pili, nitaimba mimi. Watu wameshaujua wimbo kwa kicheko, kesho watakuja wenyewe kuutaka, na hapo wapewe ule wa kweli. Hakuna kundi litakaloweza kujibu hilo. Nikataka kumtemea mate na nikataka kukubali, vyote kwa pamoja. Nikaondoka, lakini tayari nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitaingilia upande gani wa uwanja.

Asubuhi nilimkuta mama jikoni anakoroga uji. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia. Akaitikia bila kugeuka. Nikavuta kigoda na nikaanza. Nilimmwagia yote: alivyonizunguka mwanawe, alivyoniuza mbele ya wilaya nzima, ahadi, machozi ya nyuma ya zizi, chupa ya maji. Nilikuwa na haki na nilijua nina haki, na mtu mwenye haki huongea sana. Mwishoni nikasema lililokuwa linaniuma kuliko mengine. Nikasema, "Na wewe ulicheka."

Akaipua sufuria. Akafuta mikono.

"Waliokuwa wanaswaga wale ng'ombe walikuwa vijana wanne," akasema. "Wawili wako hai. Walikaa benchi la mbele yangu jana."

Sikuelewa haraka. Nadhani sikutaka kuelewa haraka. Akaeleza taratibu, kama anamweleza mtu mgonjwa. Wanaume wale walimwona siku ile kwenye miiba. Waliona vitenge vilivyolowa. Amekaa nao kijiji kimoja maisha yote, wamezikana, wamekopeshana jembe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitamka, na yeye alikuwa amejizoesha kuamini kwamba hawakuona. Sasa yule mwembamba alipochuchumaa, mmoja wao aligeuka nyuma, akamtazama. Wala hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama tu kuhakikisha.

"Ulitaka nifanye nini?" mama akasema. "Nikicheka, ile ni ngoma tu. Nikinyamaza, ni mimi."

Nikasema kwamba hayo yote ameyafanya mdogo wangu, yeye ndiye aliyeigeuza aibu kuwa mchezo. Mama akasema, "Yeye hakujua." Akaniachia nafasi nimalizie mwenyewe, na sikumalizia. Nikaanza kueleza kwamba nilitaka watu wajue alichopitia, yeye na wengine wote, kwamba dada yule amenyamazishwa miaka mingi, kwamba mtu lazima aseme. Nilieleza vizuri. Ni kazi yangu kueleza. Hakunikatiza hata mara moja. Alimimina uji kwenye vikombe viwili, akanipa changu, akasubiri hadi nilipomaliza.

"Ungeniomba, ningekukatalia," akasema. "Ndiyo maana hukuniomba."

Simu yangu ikaita. Alikuwa mdogo wangu, akiwa tayari uwanjani, anasema watu wameanza kufika na wanauulizia ule wimbo, kwa hiyo nije na njuga nyingine, zile za jana moja imepasuka. Nilimtazama mama. Alikuwa anakunywa uji wake akitazama mlangoni. Niliona kama ninavyokuona wewe msomaji jinsi ambavyo ingekuwa: mimi mbele, sauti yangu nzuri, uwanja mzima kimya, watu wanafuta machozi, na kila anayefuta machozi anajiuliza haya yalimpata nani.

Nikamwambia mdogo wangu siji kuimba. Akauliza kama bado nimekasirika. Nikasema ndiyo, na nitaendelea. Akauliza sasa wimbo aimbe nani. Nikamwambia ampe yule yule, avae vile vile, aimbe kama jana.

Mama aliingia chumbani, akatoka amefunga kitenge chake cha kanisani na kilemba chake. Akanionyesha mlango. Akasema tufike mapema tupate mahali pale pale pa jana, na kwamba leo nikae naye, si kule kwenye ngoma.

Tulikaa bega kwa bega. Wale wazee wawili walikuwa kwenye benchi lao, mbele yetu. Yule mwembamba alitoka nyuma ya gari na pamba yake kifuani, uwanja ukaanza kushangilia kabla hajafungua mdomo, na nikayasikia maneno yangu tena, yote, moja baada ya jingine. Alipokaribia kwenye miiba mama alinishika goti. Mmoja wa wale wazee akaanza kugeuza shingo. Yule mwembamba alipochuchumaa, mama alicheka, na mimi nikacheka, kwa sauti, kinywa wazi, hadi yule mzee akageukia mbele.